Nipeni Mafaili, DVD Bakini Nayo

Kuna sentensi moja nimeichoka. Nimeisikia kwa wajomba, kwa mashangazi, kwa wenyeviti wa kamati za harusi, kwa wasomi wenye digrii mbili. Sentensi yenyewe ni hii: "Video ipo, tunayo kwenye DVD." Inasemwa kwa utulivu kabisa, kama mtu anavyosema hati ya nyumba ipo benki. Ukiuliza hiyo DVD iko wapi, unaonyeshwa kabati la vyombo, au ile droo ya kila nyumba yenye betri zilizokufa, chaja za Nokia na risiti za Luku zilizofutika maandishi. Ukiuliza iliangaliwa lini mara ya mwisho, kimya.

Leo nataka kugombana. Nitagombana na wapiga video, nitagombana na kamati za harusi, na nikibakiwa na nguvu nitagombana na nyinyi vijana wenzangu mnaodhani WhatsApp ni kabati la kumbukumbu za ukoo.

Tuanze na hesabu. DVD ya kawaida inabeba GB 4.7. Kompyuta nyingi zitakuonyesha 4.38 hivi kwa sababu zinahesabu kwa namna yao, usidhani umepunjwa Kariakoo. Ile ya tabaka mbili inabeba 8.5. Sasa, miaka ya 2000 harusi nyingi za mjini zilipigwa kwa kamera za mikanda midogo ya MiniDV. Mkanda ule unarekodi picha kwa megabiti 25 kila sekunde. Ukiuhamishia kwenye kompyuta pamoja na sauti yake, saa moja inakula kama GB 13. Saa moja! Na nani kati yenu amewahi kuhudhuria harusi ya saa moja? Saluni peke yake ni saa mbili. Chukua saa 4 tu za mkanda: GB 52. Hizo ni DVD 12 kama hujabana kitu. Wewe nyumbani uliletewa ngapi? Moja. Labda mbili, ndani ya kasha lenye picha ya maharusi wakiwa wamezungukwa na moyo wa maua.

Kilichofanyika ni hiki. Mpiga video alikatakata akabaki na saa mbili. Saa hizo mbili akazibana ziingie kwenye GB 4.7, yaani takriban megabiti 5 kwa sekunde, picha na sauti pamoja. Huo si wizi, ndivyo DVD inavyofanya kazi. Kiwango chenyewe hakiruhusu picha kuzidi megabiti 9.8 kwa sekunde. Na mbinu ya kubana inayotumika kwenye DVD ina akili kuliko ile ya mkanda, kwa hiyo msije mkaniambia picha imepungua mara tano. Haijapungua mara tano. Lakini imepungua, na kilichotoka hakirudi. Waliopewa VCD kabla ya hapo ndio msiwaulize, wale wenye picha ya nukta 352 kwa 288, ambamo mtu akicheza kwa kasi uso wake unageuka vigae vya bafuni.

Kwa hiyo mlichopewa siku ile haikuwa rekodi ya harusi. Mlipewa nakala ya kutazamia. Rekodi ilikuwa kwenye mikanda, na mikanda ilibaki kwa mpiga video. Hilo ndilo la kwanza ninalotaka lieleweke kabla sijapandisha sauti.

La pili ni lile sahani lenyewe. Watu wanachanganya vitu viwili vinavyofanana sura. DVD ya filamu unayonunua dukani imegongwa kiwandani kwa muhuri, taarifa zake ni vishimo vilivyokandamizwa kwenye plastiki na kupakwa chuma. DVD iliyochomwa na mpiga video ni jambo jingine. Ndani yake kuna tabaka la rangi maalumu, na mwanga wa leza unaichoma rangi hiyo ibadilike hapa na pale. Yaani harusi ya wazazi wako imeandikwa kwa rangi. Na rangi tunaijua, hata kanga nzuri ukiianika juani kila siku inapauka. Adui wa rangi hii ni mwanga, joto na unyevu. Sasa nitajieni mji wa pwani yetu, Dar, Tanga, Mombasa, Unguja, ambao hauna joto na unyevu. Watengenezaji walikuwa wakitaja miaka 100 na zaidi, kwa sharti la kuhifadhi vizuri. Kabati la vyombo la Temeke halikuwemo kwenye majaribio yao.

Ubaya wa ugonjwa huu ni kwamba hauonyeshi dalili. DVD ina ufundi wa kusahihisha makosa: sehemu ikiharibika kidogo, deki inakokotoa kilichopotea na kukijaza, wewe huoni chochote. Makosa yanaongezeka mwaka hadi mwaka, deki inaendelea kukudanganya kwa nia njema, mpaka siku makosa yanapozidi uwezo wa kusahihisha. Hapo picha inaganda. Kwa hiyo mtu anayesema "mbona mwaka jana ilicheza vizuri" hajasema kitu. Mwaka jana pengine ilikuwa inakata roho.

Ongezeni na mapambo. Wapiga video wetu wanapenda kubandika karatasi yenye gundi juu ya sahani, yenye majina kwa herufi za dhahabu. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa mwongozo mwaka 2003 wa namna ya kutunza CD na DVD, na moja ya mambo iliyoyasema ni kutobandika karatasi za gundi kwenye DVD. DVD ni plastiki mbili nyembamba zilizounganishwa, inazunguka kwa kasi kubwa, karatasi ikianza kujikunja kwa unyevu inaivuruga. Lakini nani asome mwongozo wa NIST wakati majina ya dhahabu yanapendeza?

Sasa niwaambie kwa nini nina hasira.

Mwaka 2007 mama yangu mdogo alifanyiwa sendofu mjini Tanga. Nilikuwa mtoto wa darasa la tatu, ninachokumbuka ni soda na viatu vilivyonibana. Lakini kila mtu mzima aliyekuwepo anakumbuka kitu kingine: bibi, mama yao, alisimama bila kupangwa kwenye ratiba, akamnyang'anya MC kipaza sauti, akamuaga binti yake kwa Kisambaa kwa muda wa dakika kama kumi. Alitaja ukoo, alitaja nani alizaliwa wapi na nani alihama Lushoto kwa sababu gani. Watu walilia. Bibi alifariki mwaka 2011. Hakuwa mtu wa kupigwa picha, na sauti yake haipo popote pengine.

Miaka michache iliyopita mama mdogo alitaka watoto wake wamsikie bibi yao. DVD ikatolewa kabatini, ikafutwa vumbi. Ikacheza vizuri: kuingia ukumbini, utambulisho, keki, zawadi za upande wa baba. MC akasema neno, kamera ikageuka, bibi akaonekana ananyanyuka kwenye kiti, na picha ikaganda hapo. Tulijaribu deki nyingine, kompyuta nyingine. Inaganda palepale, kisha inaruka mpaka watu wanakula.

Mjomba akamtafuta mpiga video. Alimpata, bado yupo kwenye kazi hiyo na sasa ana kamera nne. Mjomba akamsalimia vizuri, akamweleza shida. Jibu lilikuwa fupi: "Mzee, mikanda ya zamani tulikuwa tunarekodia juu. Ningeweka wapi yote ile?" Kwa hiyo juu ya maneno ya bibi kuna harusi ya mtu mwingine, na juu ya harusi ya huyo mtu kuna ubarikio wa mtoto wa mwingine tena.

Nitamtendea haki. Miaka ile mkanda ulikuwa ghali, diski ngumu zilikuwa ghali na ndogo, na intaneti ya kupandisha mafaili makubwa haikuwepo. Kebo ya SEACOM yenyewe ilifika Dar Julai 2009. Na si fundi wa Tanga peke yake. Julai 2009 hiyohiyo, miaka 40 baada ya Apollo 11 kutua mwezini, NASA ilieleza matokeo ya kutafuta kanda zake asilia zilizorekodi picha ya video iliyotoka mwezini: kwa kila dalili zilikuwa zimefutwa na kutumiwa tena wakati wa uhaba wa kanda. Walichokitengeneza upya walikipata kwenye nakala za matangazo zilizobaki kwa watu wengine. Kama NASA walirekodia juu ya mwezi, sembuse bibi yangu.

Lakini hapa ndipo ninapokataa kunyamaza. Alikosa nafasi ya kuweka mikanda, sawa. Je, alishindwa kupiga simu? "Mzee, nataka kufuta mikanda yenu, mje muichukue au mninunulie mingine." Sentensi moja. Hakuipiga simu hiyo kwa sababu kichwani mwake mikanda ile ilikuwa mali yake, malighafi ya kazi, kama mbao zinazobaki kwa seremala. Na hakuipiga kwa sababu sisi wateja hatukuwahi kumwambia vinginevyo. Tulilipia kasha lenye maua ya moyo, tukaondoka tunacheka.

Mnadhani siku hizi mambo yamebadilika? Yamebadilika kifaa, tabia iko palepale. Nimewauliza wapiga video kadhaa hapa Dar: ukimaliza kuhariri, mafaili ya kamera unayafanyaje? Wengi wamenijibu bila aibu kwamba wanayafuta baada ya mteja kupokea kazi yake, kadi ya kamera inahitajika Jumamosi ijayo. Mmoja alinishangaa kabisa, akaniuliza, "Mteja atayafanyia nini? Hayajapangwa." Ndugu yangu, hata bibi hakuwa amepangwa! Alinyang'anya kipaza sauti! Kitu ambacho hakijapangwa ndicho ambacho ukoo utakitafuta miaka 20 baadaye. Hakuna mtu atakayelilia ile sehemu ya drone inayozunguka ukumbi kwa muziki wa taratibu. Watatafuta mzee aliyekaa pembeni anaongea na jirani yake, dakika mbili ambazo mhariri alizikata kwa sababu hazina mvuto.

Hesabu za leo ni kubwa zaidi, na ndizo zinazonifanya nicheke mtu anaposema atachoma DVD. Kamera nyingi za 4K zinarekodi kwa megabiti 100 kwa sekunde. Hiyo ni GB 45 kwa saa. Weka kamera mbili, saa 6 kila moja: GB 540. Ukitaka kuzichoma kwenye DVD za kawaida utahitaji DVD 115. Kwa Blu-ray za GB 25 utahitaji 22. Simu yako yenyewe mfukoni ikirekodi 4K inakula mamia ya MB kwa dakika. Anayekupa DVD moja ya harusi ya 4K amekupa kitu ambacho hata hakiwezi kubeba ukubwa wa picha ile, maana video ya DVD kwa mfumo wetu wa PAL mwisho wake ni nukta 720 kwa 576. Ulilipia 4K ukaletewa mwaka 1996.

Wa kisasa zaidi hawaleti DVD, wanaleta flashi au kiungo cha kupakulia. Flashi ni ya kusafirishia mzigo, haijawahi kuwa ghala. Inapotea, inaliwa na virusi, inakufa bila kuaga. (Na ikikataa faili la GB 6 wakati ina nafasi ya GB 32, msiilaani: imepangwa kwa mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili linalofika GB 4. Ipangeni upya kwa exFAT, lakini mtoe kwanza kilichomo.) Kiungo nacho kina tarehe ya kufa. Kinatumwa kwenye kundi la familia, watu 64 wanaandika "hongereni", watatu wanabonyeza, hakuna anayepakua, baada ya siku chache kimekufa.

Nije kwa kamati za harusi, hasa nyinyi wahasibu wa kamati. Nimekaa kwenye vikao vyenu. Bajeti inasomwa: ukumbi, chakula, vinywaji, mapambo, keki, MC, muziki, gari la maharusi, video na picha. Watu wanabishana nusu saa kuhusu rangi ya vitambaa vya viti. Video inapita kwa dakika moja na swali ni moja tu, "Anachaji shilingi ngapi, na drone imo?" Hakuna hata mmoja anayeuliza mafaili yatakaa wapi. Diski ngumu ya nje, ile mnayoiita eksteno, yenye nafasi ya kumeza harusi nzima na ubatizo wa watoto watakaofuata, haifiki bei ya yale mapambo ya meza kuu ambayo Jumapili asubuhi yanabebwa na mwenye nayo akaipambie harusi nyingine. Mnachangishana mamilioni kwa ajili ya usiku mmoja, halafu ushahidi kwamba usiku huo ulikuwepo mnauacha kwa kijana mwenye kadi mbili za kamera.

Na msiniambie kwamba mambo ya kuhifadhi ni ya Wazungu. Hao Wazungu wenyewe wameumbuka vilevile. Mwaka 1986 BBC ilifanya mradi mkubwa wa kuadhimisha miaka 900 ya Domesday, kitabu cha kumbukumbu cha Uingereza cha mwaka 1086. Watu zaidi ya milioni moja walishiriki, picha na maandishi na video vikawekwa kwenye sahani kubwa za leza. Haikupita miaka 20, mashine za kuzisoma zikawa adimu kiasi kwamba wataalamu walilazimika kufanya mradi mwingine wa kuziokoa. Kitabu cha 1086 bado kinasomeka. Sahani haikuwa na tatizo, aliyekufa ni msomaji wake.

Na msomaji wa sahani zenu anaondoka sasa hivi. Kiwanda cha mwisho kinachojulikana kutengeneza deki za VHS, Funai cha Japani, kiliacha Julai 2016. Januari 2025 Sony ilitangaza kwamba kuanzia Februari mwaka huo inaacha kutengeneza diski tupu za Blu-ray, na mikanda ya MiniDV pia. Kompyuta mpya mnazonunua hazina mlango wa DVD. Nendeni mkaulize nyumba kumi mtaani kwenu, ngapi zina deki inayofanya kazi.

Sasa vijana wenzangu, zamu yenu. "Mimi naweka kila kitu kwenye wingu." Safi. Wingu la nani? Google inakupa GB 15 za bure, hizo ukigawana na barua pepe zako. Ile hifadhi ya picha isiyo na kikomo iliisha Juni 1, 2021. Na tangu Desemba 2023 Google imeanza kufuta akaunti ambazo hazijaguswa kwa miaka miwili. Fikirieni maana yake kwa ukoo: yule binamu aliyekuwa na video zote akifariki leo, na nenosiri lake akaenda nalo, miaka miwili baadaye anaweza kufa mara ya pili. Mwaka 2019 Myspace nao walikiri kupoteza nyimbo, picha na video ambazo watu waliziweka huko kwa miaka 12, wakati wa kuhamisha mitambo. Radhi iliombwa, na sehemu kubwa haikurudi.

Halafu hiyo harusi ya GB 540 utaipandisha kwa intaneti gani? Kwa kasi ya kupandisha ya megabiti 5 kwa sekunde ni siku 10, usiku na mchana, bila umeme kukatika hata dakika moja na bila bando kuisha. WhatsApp ndiyo kabisa. Kwa miaka mingi ilikuwa inakata video kwenye MB 16, na mpaka leo ukituma kama video ya kawaida inabana. Ukilazimika kuitumia, tuma kama hati, tangu 2022 inapokea mpaka GB 2 bila kugusa faili. Ninaposema hivi sisemi wingu ni baya. Wingu ni zuri kama nakala ya tatu ya vile vipande vya thamani zaidi, kama hayo maneno ya bibi. Kama nakala pekee, ni sawa na kumkabidhi mpangaji hati ya nyumba.

Kuna ndugu mmoja kazini kwetu, mpenzi mkubwa wa sahani, ambaye ananipinga kila nikigusa jambo hili. Anasema diski ngumu inaanguka mara moja na kufa na kila kilichomo, wakati sahani ikianguka unaiokota. Anasema sahani iliyochomwa haiingiwi na virusi na mtoto hawezi kuifuta kwa bahati mbaya. Yuko sahihi kwa yote hayo! Ndiyo maana sisemi sahani zitupwe. Mwenye uwezo anunue Blu-ray za kuchoma, au zile za M-DISC ambazo zinaandika kwenye tabaka gumu lisilo rangi. Walioianzisha, Millenniata wa Utah, walidai inakaa miaka 1,000. Mimi siingii kwenye ubishi huo, hakuna atakayekuwepo kudai fedha yake. Chomeni, wekeni gizani, pakavu, zikiwa zimesimama kwenye makasha. Ninachopinga ni neno "pekee". Filamu za Kanumba, aliyefariki Aprili 2012, zilisambaa mitaani kwenye sahani nakala maelfu kwa maelfu. Yako ikiganda, jirani anayo. Sendofu ya mama yako jirani hana.

Wapiga picha wana kanuni inayohusishwa na Mmarekani Peter Krogh: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili tofauti, moja ikae mbali na nyumbani. Kwetu hiyo "mbali" ni rahisi mno. Kila ukoo una mtu Mwanza, mtu Arusha, mtu Muscat au mtu London. Nunueni diski ngumu mbili, si moja, za kampuni tofauti. Moja ikae kwenu Dar, nyingine iende na basi au ndani ya begi la anayerudi. Krismasi au Idd zikutane, zichomekwe, zikaguliwe kama zinasoma. Diski ngumu isiyochomekwa miaka mitano nayo haiaminiki, msije mkahamishia uzembe kutoka kwenye sahani kwenda kwenye eksteno.

Na kwenye mkataba wa mpiga video, au hata kwenye karatasi ya makubaliano yenye sahihi mbili, iandikwe hivi: mteja ataleta diski yake ngumu, mpiga video ataweka humo mafaili yote ya kamera kama yalivyotoka, yasiyokatwa wala kubanwa, pamoja na kazi iliyohaririwa, hatafuta chochote kwenye vifaa vyake mpaka mteja athibitishe kwa maandishi kwamba yamefunguka, na salio la fedha litatolewa siku hiyo, si kabla. Atasema hajawahi kuombwa. Mwambieni ameombwa leo. Atasema mafaili ghafi yatamharibia jina kwa sababu yana mitikisiko. Mwambieni hamtayaonyesha kwa mtu, mnayaweka tu. Akitaka nyongeza kidogo ya fedha kwa usumbufu, mpeni, punguzeni maputo.

Kwa wale ambao sahani zao tayari ziko kwenye kabati la vyombo, hiyo ni kazi ya wikiendi hii. Tafuteni kompyuta ya zamani yenye mlango wa DVD, au kile kisomaji cha kuchomeka kwa USB. Futeni sahani kwa kitambaa laini kikavu, kutoka katikati kwenda ukingoni, si kwa kuzungusha. Msinakili faili moja mkadhani mmemaliza: ndani kuna folda iitwayo VIDEO_TS, na video imekatwa vipande vya VOB visivyozidi GB 1 kila kimoja. Nimeona mtu ametunza kipande kimoja kwa miaka, anashangaa kwa nini harusi yake inaishia kwenye keki. Bebeni folda nzima, au tengenezeni taswira ya sahani nzima kwa faili moja la ISO. Msilibane tena ili lienee kwenye simu. Nakala ya simu tengenezeni pembeni.

Ikigoma, msiikwangue wala kuipaka dawa ya meno. Kuna programu ya bure inaitwa GNU ddrescue. Inasoma kinachosomeka kwanza, inaandika orodha ya mapengo, kisha inarudi kuyajaribu tena na tena. Unaweza kuisimamisha, ukabadilisha kisomaji, ukaendelea palepale. Mara nyingi kisomaji kimoja kinaona ambacho kingine hakioni. Sahani ya Tanga tumeipitisha kwenye visomaji vitatu. Tumepata sekunde kama 40 za bibi, bila mwanzo wala mwisho, na cha tatu bado kinaendelea. Anzeni na sahani ya zamani kuliko zote, na kama kuna iliyobandikwa karatasi ya dhahabu, ianze hiyo.